Maswali ya Wasomaji: Rupia ya Mjerumani ya Mwaka 1892 Ina Thamani Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu ameacha sarafu ya fedha yenye picha ya mtu mwenye sharubu aliyevaa kofia ya chuma iliyotuliwa na tai, na upande wa pili kuna simba na mnazi. Mwaka ulioandikwa ni 1892. Sonara mmoja alinitajia bei ya kuiyeyusha, ilhali jirani yetu anasisitiza kuwa ni mali ya mamilioni. Imekuwa nyeusi, nami ninakusudia kuisugua kwa dawa ya meno kabla ya kuitafutia mnunuzi. Nitaijuaje thamani yake ya kweli? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali iweke mbali hiyo dawa ya meno, kwa maana hilo ni jambo ambalo likishafanyika haliwezi kurekebishwa. Weusi unaouona ni utando unaojitokeza fedha inapokutana na salfa iliyomo hewani, na kwa wakusanyaji wa sarafu utando huo, hasa ukiwa umeenea sawasawa, ni ushahidi kwamba uso wa sarafu haujaguswa. Dawa ya meno na jivu huuondoa pamoja na tabaka jembamba la fedha yenyewe, na kuacha mikwaruzo myembamba ambayo mnunuzi mzoefu huitambua mara tu anapoigeuza sarafu chini ya taa.

Sarafu uliyonayo ni rupia moja ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutoa rupia zake mwaka 1890 na kuendelea hadi 1902. Mwenye sharubu ni Kaisari Wilhelm wa Pili, na maneno yanayomzunguka, GUILELMUS II IMPERATOR, ni ya Kilatini. Uzito na ubora wa fedha yake vilifuatishwa rupia ya Uhindi iliyokuwa ikitumika pwani yetu: gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 fedha halisi ni sehemu 917. Maana yake ni kwamba ndani yake mna takriban gramu 10.7 za fedha safi, yaani kama theluthi moja ya aunsi inayotumika kupimia madini ya thamani. Ukizidisha bei ya aunsi ya fedha ya siku unayouza kwa 0.344 utapata thamani ya madini yaliyomo, na hicho ndicho kiwango ambacho bei yako haipaswi kushuka chini yake. Sonara hakukudanganya kwa kukutajia bei ya kuyeyusha, ila alikutajia mahali ambapo hesabu inaanzia.

Kabla ya kuzungumzia daraja, yaani kiwango cha uchakavu wa sarafu, hakikisha kwamba sarafu ni halali, kwa kuwa za kughushi zipo. Ipime kwa mizani inayosoma sehemu za gramu. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo, lakini upungufu wa gramu nzima unatia shaka. Sumaku isiivute. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, na uizamishe sarafu ikiwa imening'inia kwa uzi mwembamba bila kugusa kingo wala chini. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosogezwa, ambao kwa rupia yenye uzito kamili ni karibu gramu 1.13. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba utakayoipata; jibu likiwa karibu na 10.3, madini yanaafikiana na fedha ya aina hii, na likiwa karibu na 9, yaelekea umeshika mchanganyiko wa shaba na nikeli. Baadaye ikaushe kwa kuigandamiza kwenye kitambaa laini, bila kuisugua.

Daraja husomwa kwenye sehemu zilizoinuka zaidi, kwa sababu ndizo zinazolika kwanza. Tumia kioo cha kukuzia na taa moja inayomulika kwa pembeni, ushike sarafu kwa ukingo wake. Anza na tai aliye juu ya kofia: je, manyoya ya kifua chake yanahesabika, au yamekuwa uvimbe mmoja laini? Kisha tazama shavu, sharubu na mapambo ya vazi, halafu ugeukie manyoya ya shingo ya simba. Manyoya yakiwa yamefifia lakini sura na maandishi yote yakisomeka vizuri, sarafu iko katika daraja la kati, ambalo wauzaji wa Ujerumani huliandika ss (sehr schön) na wa Marekani huliandika VF (Very Fine). Zikiwa zimelika zile ncha za juu tu, hiyo ni vz (vorzüglich) au XF (Extremely Fine). Ikiwa haikulika popote, ikimulikwa na kugeuzwa mng'ao wake wa asili huzunguka uso mzima kama miale, jambo ambalo sarafu iliyong'arishwa kwa mkono haiwezi kuliiga. Binafsi ningeshangaa rupia iliyopita mikononi mwa watu iwe katika hali hiyo, ijapokuwa zipo zilizofukiwa zikiwa bado mpya.

Mwaka nao una uzito wake, ila wengi huukuza kupita kiasi. Rupia moja ya 1892 si adimu, na ikiwa imechakaa sana haizidi sana thamani ya madini yake. Ya mwaka huohuo isiyochakaa huuzwa kwa bei inayoizidi hiyo mara kadhaa. Adimu kweli ni sarafu za rupia mbili, zilizotengenezwa mwaka 1893 na 1894 pekee, na hizo hughushiwa pia. Kuhusu mamilioni ya jirani yako, tazama bei ambazo minada imekwisha kuuzia sarafu za mwaka na daraja lileile, wala si bei anazoomba muuzaji asiyepata mnunuzi, na usisahau kuondoa ada ya mnada.

SWALI: Mama yangu ana rupia ya 1910 yenye herufi J, iliyowekewa kitanzi ikavaliwa kama kidani. Je, kitanzi kikitolewa itapanda bei? — Msomaji, Bagamoyo.

JIBU: Haitapanda. Herufi J inaonyesha kuwa ilitengenezwa Hamburg, na zenye A zilitoka Berlin, lakini alama ya kulehemu hubaki ukingoni hata fundi awe hodari kiasi gani, na tundu lililozibwa huonekana vilevile. Kwa mkusanyaji, sarafu ya namna hiyo inakaribia bei ya fedha iliyomo. Aiache ilivyo na aendelee kuivaa.