Kabla ya kubisha hodi halmashauri, gawaneni kazi kwanza

Kikundi cha wakazi kikipata wazo zuri, kinachofuata kwa kawaida ni barua ya maombi. Barua inapokelewa, inagongwa muhuri, inaingia kwenye faili, na safari yake inaishia hapo. Nimekaa kwenye kamati za mtaa muda wa kutosha kujua kwamba mara nyingi ofisa hana ubaya wowote. Akisoma "tunaomba mtusaidie kuboresha mazingira yetu", hajui atekeleze nini, kwa kifungu kipi cha bajeti, wala akisaini atakuja kuulizwa nini.

Kwa hiyo nawashauri mwende na mgawanyo wa kazi badala ya ombi: hiki tutafanya sisi, hiki hatukiwezi bila ninyi.

Mfano wake bora ni Orangi, makazi makubwa ya watu wa kipato cha chini mjini Karachi, Pakistani. Mradi ulioanzishwa huko na Akhtar Hameed Khan mwaka 1980 uliwakuta watu wakisubiri serikali iwajengee mfumo wa majitaka bure. Kazi ikakatwa vipande. Choo cha ndani na bomba la kichochoro vikawa vya wakazi, kwa fedha na nguvu zao. Mabomba makubwa ya kupeleka maji nje ya eneo pamoja na mitambo ya kuyasafisha vikabaki kwa serikali. Kila kichochoro kilichagua mtu wake wa kukusanya michango na kusimamia ujenzi. Gharama zilishuka sana kwa sababu hakukuwa na mkandarasi katikati. Kwenye semina mambo haya huitwa ubunifu wa kijamii, na mtu akisikia ubunifu anafikiria kifaa kipya. Pale Orangi bomba lilikuwa bomba tu. Kilichobadilika ni nani anawajibika kwa kipi.

Sisi tulikuwa na mfereji wa maji ya mvua uliofurika kila msimu. Tulichora safu mbili kwenye karatasi moja. Upande wetu: kuchimba, kuzibua, kuchangisha nyumba kwa nyumba. Upande wa halmashauri: vipimo vya mteremko, kalvati la barabarani, gari la kuzoa udongo. Mhandisi aliisoma kimya, akachukua kalamu, akaandika pembeni ya neno "gari": Jumamosi tu. Nilifurahi kuliko kama angetusifu. Mtu akianza kusahihisha karatasi yenu, ameshaingia kazini.

Msimwendee diwani peke yake, hata kama ni ndugu yenu. Diwani ana sauti, lakini mafaili yapo kwa watendaji, na wenyewe wamegawanyika kwa idara. Mjini Bologna, Italia, wakazi waliotaka kuweka mabenchi kwenye bustani ya mtaa wao walizungushwa idara moja hadi nyingine. Usumbufu wa aina hiyo ni sehemu ya yaliyoufanya mji huo kupitisha kanuni mwaka 2014, inayowaruhusu wananchi kutia saini mkataba wa ushirikiano na manispaa, ukieleza kila upande unafanya nini. Kwenu huenda kanuni ya namna hiyo haipo. Ombeni angalau makubaliano yaingie kwenye muhtasari wa kikao, kisha mpate nakala. Urafiki na ofisa huondoka naye siku anapohamishwa.

Kingine ni kalenda. Mkienda bajeti ikiwa imeshapitishwa, mtajibiwa kwa heshima kabisa kwamba fedha hakuna, na itakuwa kweli. Porto Alegre, Brazili, ilipoanza bajeti shirikishi, yaani wakazi kushiriki kuamua fedha za mji zitumike wapi, mwaka 1989, mikutano ya mitaa ilifuata mzunguko wa mwaka, mapendekezo yakafika mezani kabla ya baraza kupiga kura. Ulizeni mapema lini idara zinaandika makadirio yao, mwende wakati huo.

Halafu matengenezo, jambo ambalo hakuna anayetaka kulizungumza siku ya furaha. Mradi ukishazinduliwa, ofisi hugeukia uzinduzi mwingine na kamati huanza kukosa akidi. Andikeni kwenye karatasi ileile nani atazibua mfereji, mara ngapi kwa mwaka, fedha zitatoka mfuko gani, na mlipigie kura kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.