Mistari mingi, grafu haisomeki

Swali: Shikamoo mwalimu. Nachora kwa Matplotlib (maktaba ya Python ya kuchora grafu) mvua ya kila siku ya vituo 14, Bahi hadi Mpwapwa. Tarehe zinapandana, rangi zinajirudia. Nifanyeje? (Msomaji, Kongwa)

Jibu: Marahaba. Matplotlib huanza na rangi 10. Mstari wa 11 hurudia ya kwanza. Usiongeze rangi, tafadhali, jicho halitazitofautisha! Paka vituo vyote kijivu hafifu, kile unachokizungumzia bluu nzito, jina lake uliandike mwishoni mwa mstari. Tarehe? Jumlisha mvua kwa mwezi. Pandas, maktaba ya Python ya kuchakata data, inafanya hivyo kwa resample("MS").sum(). Na kwa kuwa huku kwetu Dodoma Juni hadi Oktoba mvua ni karibu sifuri, anzisha mwaka wako Novemba, msimu usikatwe katikati. Ukilinganisha vituo vyote, kila kimoja kipe kigrafu chake, ukiweka sharey=True ili vipimo vya mhimili wa wima vilingane.