Dawa ya Presha kwa Mtoto wa Miezi Minne

SWALI: Shikamoo Daktari. Mwanangu wa miezi 4, mwenye kilo 6, ana uvimbe mwekundu kwenye kope, nao unakua kila wiki. Ameandikiwa propranolol, lakini muuza dawa wa Kariakoo ameniambia kuwa hiyo ni dawa ya presha ya watu wazima, na kweli kikaratasi cha ndani ya boksi hakitaji uvimbe wala watoto. Je, daktari amekosea?
Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba, mama. Kwa hayo uliyoyaeleza, dawa hiyo haikuchaguliwa kimakosa. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza jinsi mtoto waliyempa propranolol kwa ajili ya moyo alivyoanza kupungukiwa na uvimbe wa namna hiyo, ambao ni mishipa midogo ya damu iliyokua kupita kiasi. Mwaka 2014 Marekani na Ulaya zikaidhinisha propranolol ya maji kwa ajili ya watoto wachanga wenye uvimbe huo. Kikaratasi cha vidonge hueleza matumizi yaliyoombewa kibali tu, na kwa kuwa dawa nyingi hujaribiwa kwa watu wazima, madaktari wa watoto kila mahali hulazimika kuandika dawa nje ya maelezo hayo. Tena uvimbe wa kope si wa kusubiri, maana ukilifunika jicho katika umri huu unaweza kudhuru uwezo wa kuona.

Muuza dawa alifanya vyema kushtuka, ila alipaswa kumpigia daktari kabla ya kukuacha uondoke na hofu.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kipimo. Kidonge kimoja cha miligramu 40 kinazidi dozi ya siku nzima ya mtoto wa kilo 6, kwa hiyo usikikate kwa wembe wala kukisaga na kukadiria unga kwa ncha ya kijiko. Nimewahi kuoneshwa robo nne za kidonge kimoja, na hakuna mbili zilizolingana. Mwombe mfamasia wa hospitali akutengenezee dawa ya maji, kisha akuoneshe kwa bomba lisilo na sindano mstari ambao dawa inapaswa kuishia.

Dawa hii hushusha sukari mwilini, hivyo mpe mtoto anaponyonya au mara tu baada ya kunyonya. Siku akikataa ziwa au akitapika, usimpe, mpigie daktari. Akilegea, akitokwa na jasho la baridi, au kifua kikitoa sauti ya filimbi, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.