Jibu: Sangara kwa fimbo, Mwanza

Mkuu, umeuliza kama hapa Mwanza sangara anapatikana kwa fimbo ya kuvulia bila kukodi boti. Anapatikana, ila mchangani utapoteza muda. Tafuta miamba inayoshukia kwenye kina, mfano upande wa Bwiru, jua likianza kuzama. Chambo ni furu hai, wale samaki wadogo wa ziwani: mtoboe kwa ndoano nyuma ya pezi la mgongoni, aendelee kuogelea. Kipande cha mshipi karibu na ndoano kiwe kinene, maana mdomo wa sangara unakwangua kama msasa. Akiruka na kutikisa kichwa, usilegeze mshipi hata kidogo. Wangu wa mwisho aliitema ndoano hivyo hivyo, mita mbili toka mwambani, nikabaki nacheka peke yangu! Kisiwa cha Saanane usijaribu, ile ni hifadhi ya taifa. Na sangara akiwa chini ya sentimita 50, mrudishe.