Kabla hujamwambia mtu "samehe": kwa mwinjilisti aliyepewa kundi lake la kwanza

Umekabidhiwa kundi la Biblia la mtaa, na somo la kuanzia ni rehema na msamaha wa Mungu. Utadhani umepewa rahisi. Mimi nilidhani hivyo nilipoanza, kijiji kimoja upande wa Chamwino, hapa Dodoma, na wiki ya pili tu nikaharibu.

Mjane mmoja alisimama akasema shemeji yake amebeba magunia manne ya mtama wake, kayauza mnadani, na Jumapili anampita pale benchi kwenda kupokea meza ya Bwana. Nikafungua Mathayo 18 kama mtu anayetoa panadoli: "Saba mara sabini, mama." Akakaa. Alivuta khanga yake, akamfunika mtoto aliyekuwa amelala mapajani, hakunitazama tena. Kundini hakurudi mpaka mvua za mwaka uliofuata. Nilikuwa nimemtetea mwizi kwa Injili, na siku ile nilirudi nyumbani nikijiona mwalimu.

Kosa lilikuwa la kusoma. Nilianzia mstari wa 22. Rudi mpaka wa 15: ndugu yako akikukosa, "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Asiposikia, nenda na mmoja au wawili. Asiposikia hao, kanisa liambiwe. Ni baada ya hayo ndipo Petro anauliza amsamehe mara ngapi. Luka 17:3 inalifupisha: mwonye, akitubu msamehe. Kwa hiyo kazi yangu siku ile ilikuwa kuvaa viatu, kumpitia mzee wa kanisa na kwenda naye kwa yule shemeji. Mstari ungesubiri.

Mkifika kwenye mfano wa mtumwa asiyesamehe, yule aliyefutiwa deni na mfalme kisha akamkaba mwenzake kwa deni dogo, hesabu usiipite juu juu. Dinari ni ujira wa kibarua kwa siku; utauona Mathayo 20, kwa wale wa shamba la mizabibu. Dodoma hapa shamba la mizabibu si habari ya mbali, na kundini hutakosa waliopogoa zabibu za watu. Waulize wao siku moja ni shilingi ngapi. Sisi tuliweka elfu kumi, hesabu isitusumbue. Dinari mia anazodaiwa mtumwa wa pili zikawa milioni moja. Watu wakatulia. Nimesikia wahubiri wakiliita deni lile "visenti", lakini kwa mkulima wa mtama milioni si visenti, na kama shemeji yako anayo utaijua njia ya kwake hata usiku.

Kisha talanta elfu kumi, deni la mtumwa wa kwanza kwa mfalme. Talanta moja ni kama dinari 6,000, kwa hiyo ni dinari milioni 60. Kwa kibarua chetu, shilingi bilioni 600. Kijana wa bodaboda akatoa simu, akagawanya: ukifanya vibarua siku 300 kila mwaka bila kula, utamaliza baada ya miaka 200,000. Na huyo ndiye anayemwambia mfalme, "nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Kundi lilicheka mpaka nikaacha kusoma. Kicheko kile kilifundisha kuliko mimi. Ila ona pia kwamba Yesu hakulifuta lile deni dogo kwenye hadithi ili kubwa lionekane. Milioni ya mjane inabaki milioni.

Kwenye mwana mpotevu, Luka 15, jiandae: wazee watakuwa upande wa kaka mkubwa. Usiwakatishe. Kwa mtu aliyekulia katika boma lenye ng'ombe, swali la kwanza ni yule ndama aliyechinjiwa mdogo ametoka zizi la nani. Na wana haki kuuliza, maana mstari wa 12 baba ameshawagawia wote wawili, na mstari wa 31 anasema mwenyewe, "vyote nilivyo navyo ni vyako." Ndama wa sherehe ametoka upande wa mkubwa, na hakuna aliyekuja shambani kumwita. Mzee mmoja aliniambia, "Mwinjilisti, hapa mahari ya mtu imechinjwa." Tangu hapo siwezi kuisoma sura ile kana kwamba msamaha hauna wa kuulipia. Wasomee basi mstari wa 28, unaosahaulika: baba alitoka nje akamsihi. Kwa mdogo alitoka mbio, na kwa huyu mwenye kinyongo alitoka pia. Kama aliingia ndani, Luka hasemi.

Isaya 1:18 inasema dhambi zitakuwa nyeupe kama theluji, na kundini kwangu theluji walikuwa wameiona kwenye kalenda. Nikatumia kanzu nyeupe za kwaya zilizosafiri juu ya lori mwezi wa nane, na vumbi letu jekundu. Akina mama wanaozifua walielewa kabla sijamaliza. Zaburi 51, sala ya toba ya Daudi, isomwe pamoja na 2 Samweli 12, la sivyo watadhani Daudi alilia tu yakaisha. Alisamehewa, na mtoto wake akafa. Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne, mwache ajieleze mwenyewe. Magunia manne kwa mara nne, kundi litapiga hesabu bila kuombwa.

Wakati wa palizi watu huwa wachache na wamechoka, basi fundisha Yona, sura nne tu. Yona hakuikimbia kazi ya kuuonya mji wa Ninawi kwa sababu hamjui Mungu. Sura ya 4:2 analalamika kwamba alijua tangu mwanzo kuwa ni mwenye neema na huruma, maneno yale yale aliyoyasikia Musa katika Kutoka 34, ila Yona anayasema kama mashtaka. Tulipofika amri ya mfalme wa Ninawi, kwamba wanyama nao wasile wala wasinywe maji, mfugaji mmoja aliyekuwa akisinzia nyuma akainua kichwa. Akauliza kama na mbuzi wamo. Nikasema kondoo na ng'ombe wametajwa, na mbuzi bila shaka. Akatikisa kichwa: "Mbuzi umnyime maji siku nzima? Mji ule haukulala. Hata kama watu walinyamaza, Mungu alisikia kelele."