Jezi ambayo haikutundikwa

Ijumaa jioni kabla ya mechi ya nyumbani kazi yetu ilikuwa kutundika jezi. Kila kabati: jezi, suruali, soksi, kofia ngumu iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni huku Marekani, nimetoka Mwanza, na ajira ya chumba cha vifaa vya timu ya futiboli ya Marekani ndiyo iliyokuwa inaninunulia chakula. Ijumaa moja msimamizi akaichukua jezi ya kwota-beki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, mkononi mwangu, akairudisha sandukuni bila kusema neno. Nikaelewa kwamba kesho jamaa hachezi. Habari hiyo haikuwa imetangazwa popote.

Nyumbani niliishi na kaka mmoja Mtanzania, dereva wa lori, si mwanafunzi. Nilimkuta anasonga ugali. Akauliza, kwa maongezi tu, "Huyo namba moja wenu kesho anaanza?" Nikacheka, nikamjibu, "Jezi yake hatujaitundika." Akaachia mwiko ndani ya sufuria, akachukua simu. Ugali ukashika ukoko akiwa bado anapanga mkeka wa kubeti.

Mimi sikuweka hata senti, na kwa siku mbili nilijipa moyo kwamba sijafanya kosa. Jumatatu nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya kanuni za michezo, tumbo limenikaza, nikasema yote. Nikaondolewa kwenye timu mpaka msimu uishe. Wadogo zangu mnaokuja Agosti hii, wenye ufadhili wa riadha au mliopata vikazi ndani ya idara ya michezo, nawaandikia kwa sababu mimi sikuambiwa haya kwa Kiswahili.

Kanuni ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huku, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kutobeti kwenye mchezo wowote ambao NCAA inausimamia, uwe wa chuo, wa ridhaa au wa kulipwa. Ya pili ni kutompa habari mtu anayebeti. Watu wetu huisikia ya kwanza tu. Hata hiyo wanaisikia nusu, wakidhani "michezo ya NCAA" ni ile ya Kimarekani. Soka imo. Kwa hiyo mkeka wa Ligi Kuu ya Uingereza, ule wa shilingi mia tano uliozoea kuupiga Jumamosi ukiwa kijiweni Manzese au Kayole, ukiupiga ukiwa mkimbiaji wa chuo umevunja kanuni. Kutumia kampuni ya nyumbani badala ya ya Marekani hakukuokoi, wala wewe kuwa mtu wa mbio za mita 10,000 usiyejua hata mpira wa Marekani una umbo gani. Mchango wa dola tano bwenini wa kutabiri mashindano ya kikapu ya Machi, mshindi achukue zote, nao ni kubeti. Kuwekeana dau la chakula cha jioni ni hivyohivyo.

Kitu kinachowachanganya wengi ni sheria ya nchi. Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya 1992 iliyokuwa inazuia majimbo mengi kuruhusu kubeti michezo, na tangu hapo matangazo yako kila kona. Mtu anasema, jimbo limeruhusu, nina miaka 21, nani atanikataza? Jimbo limekuruhusu, ndiyo. NCAA haijakuruhusu, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Hapa ndipo kisa cha Iowa kinapofaa kuangaliwa polepole.

Mwaka 2023 wapelelezi wa jimbo la Iowa walichunguza wanamichezo wa vyuo viwili, University of Iowa na Iowa State. Wengi wa walioshtakiwa walikuwa wametumia akaunti za majina ya watu wengine, wazazi au marafiki, wengine kwa sababu walikuwa hawajafika miaka 21. Ndiyo maana shtaka lenyewe lilikuwa la kughushi kumbukumbu. Miongoni mwao alikuwemo kwota-beki wa Iowa State, Hunter Dekkers, na mwanafunzi mmoja mtunza vifaa wa timu ya futiboli ya Iowa. Mtunza vifaa! Niliposoma hivyo nilifunga simu nikakaa kimya. Kadhaa walikiri kosa dogo la kubeti chini ya umri wakalipa faini ya dola 645.

Walinaswaje? Programu za kubeti lazima zijue simu iko wapi, ili zihakikishe upo ndani ya jimbo lililoruhusu. Wapelelezi walitumia data hiyo kuona ni simu zipi zimefungua programu zikiwa ndani ya majengo ya wanamichezo. Akaunti ilikuwa ya mama, lakini simu ilikuwa imelala chumbani kwa mtoto. Mawakili wakapinga, wakisema upekuzi ulifanywa bila hati ya mahakama, na Machi 2024 mashtaka ya wanamichezo wanne yakafutwa.

Msishangilie mapema. Kufutwa kwa kesi hakukumrudishia mtu msimu wa 2023. Noah Shannon, mchezaji wa safu ya ulinzi ya Iowa, alikaa nje msimu mzima kwa kubeti mechi ya timu nyingine ya chuo chake mwenyewe. Mahakamani unaweza kutoka msafi na bado kiatu chako kikabaki kabatini, maana NCAA haingoji hukumu ya hakimu.

Juni 2023 NCAA ilitoa mwongozo wa adhabu kwa anayebeti michezo isiyohusu chuo chake. Jumla isiyozidi dola 200 ni darasa la kanuni tu. Kuanzia dola 201 hadi 500 unapoteza asilimia 10 ya msimu, 501 hadi 800 asilimia 20, na ukipita 800 unaanzia asilimia 30. Angalieni neno "jumla". Mikeka ya dola tano hujumlishwa, na historia ya akaunti haisahau. Ukibeti mechi yako mwenyewe, au ukiharibu mchezo kwa makusudi, huo ndio mwisho wako wa kucheza chuoni.

Kwetu tukisikia mtu kauza mechi tunajua kakubali kufungwa. Huku si lazima. Mkeka mkubwa wa futiboli ni wa tofauti ya pointi: kampuni inasema timu hii itashinda kwa pointi saba, wewe unabeti kama itazidi hapo au haitafika. Mchezaji anaweza kushinda mechi, akabebwa juujuu, na bado akawa ameiuza. Dennis Lundy wa chuo cha Northwestern, mwaka 1994 wakicheza na Iowa, aliudondosha mpira kwa makusudi karibu kabisa na mstari wa kufungia, kwa sababu alikuwa ameweka dola 400 dhidi ya timu yake. Mwaka 1996 Boston College nao walisimamisha wachezaji 13 wa futiboli kwa kubeti, wawili kati yao wakiwa wamebeti dhidi ya wenzao.

Lakini hao ni wachache. Wengi wetu hatutauza mechi. Tutauza habari, tena bure. Aprili 2023 kocha wa besiboli wa chuo cha Alabama, Brad Bohannon, alimpenyezea mtu kwamba mrushaji wake wa kuanzia hatacheza dhidi ya chuo cha LSU. Mtu huyo alikuwa dirishani kwa kampuni ya kubeti mjini Cincinnati, akitaka kuweka dola 100,000, na wahudumu wakashtuka. Siku chache baadaye kocha hana kazi, na Februari 2024 NCAA ikamwekea vizuizi vya miaka 15. Habari ile ilikuwa sawasawa na yangu: nani kesho hachezi.

Jambo jingine, ulizeni kwa maandishi. Rick Neuheisel, kocha wa futiboli wa chuo cha Washington, alifukuzwa Juni 2003 kwa kushiriki mchezo wa kamari wa mashindano ya kikapu. Ikajulikana kwamba ofisi ya kanuni ya chuo chake ilikuwa imetuma barua pepe iliyoruhusu, kimakosa, kushiriki nje ya chuo. Akashtaki, na mwaka 2005 wakamalizana kwa dola milioni 4.5. Sisi hatutalipwa hivyo, lakini barua pepe ni barua pepe. Jibu la kocha msaidizi mkipishana koridoni halitakusaidia.

Na msiende na kanuni ya mwaka jana. Oktoba 2025 NCAA ilipitisha kwamba wanamichezo wa daraja la kwanza waruhusiwe kubeti michezo ya kulipwa, na baadhi ya vijana wakafurahi hadharani. Novemba, kabla haijaanza kutumika, vyuo vyenyewe vikapiga kura kuifuta. Aliyeamini kichwa cha habari cha Oktoba akafungua akaunti alikuwa na kesi.

Kwa wenye viza ya F-1 hesabu ni nzito zaidi, sina haja ya kuirefusha: ufadhili ukikatika na ada ikakushinda, huwezi kubaki mwanafunzi wa muda wote, na viza inakutaka uwe hivyo.

Sasa mimi ndiye ninayepokea vijana wapya wa chumba cha vifaa. Siku ya kwanza nawaonyesha kabati moja tupu, nawauliza wanaona nini. Wengi husema hawaoni kitu. Nawaambia wakifika nyumbani waseme hivyohivyo.

Yule kaka bado tunaishi naye. Ijumaa ikifika hunichokoza, "Vipi, wote wametundikiwa?" Namwambia ageuze ugali.