Pima misindano yako kabla ya kukubali bei

Ndugu, mnunuzi anayekutajia bei ya ekari nzima huko Mufindi bila kupima hata msindano (paini) mmoja, usimkubalie bado. Chukua futikamba, zungushia shina mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko simama upande wa juu. Mzingo gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Mzingo wa sentimita 78.5 ni kipenyo cha sentimita 25. Nusu yake kwa mita, 0.125, zidisha kwa yenyewe kisha kwa 3.14 upate eneo la mkato wa shina: mita za mraba 0.049. Zidisha kwa urefu wa mti, tuseme mita 18, kisha kwa 0.45 kwa kuwa shina huchongoka kuelekea juu: karibu mita za ujazo 0.4.

Si lazima upime shamba zima. Funga kamba ya mita 11.28 kwenye kijiti, zunguka nayo, pima kila mti ulio ndani. Duara hilo ni kama sehemu ya kumi ya ekari. Tawanya maduara kadhaa, yasiegemee pembeni, maana miti ya pembezoni hupata mwanga ikanenepa. Piga hesabu ya kila mti peke yake ndipo ujumlishe; ukitumia wastani wa vipenyo utajipunja. Na huo ni ujazo wa magogo, si wa mbao: mashine za dingdong, zile ndogo za kuhamahama za kupasulia mbao, hupoteza mengi kwenye magamba na vumbi.